Testa Inayolia

Bwenini, 4 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima. Barua yako niliisoma kwa vidole chini ya dawati. Nilipofika pale Mjomba alipokunyang'anya bisibisi zako mbele ya Bibi na kusema, "Kipofu na umeme ni petroli na kiberiti," niliukwaruza mstari huo kwa ukucha mpaka nukta za Breli zikalala.

Yeye ni fundi, sawa. Lakini soketi ya jikoni si uliifunga wewe, na ndiyo inayomchemshia chai akija? Anaitaka nyumba aliyotuachia Baba, basi. Akishakuhamishia kile chumba chake cha uani, hutarudi.

Mwalimu wa fizikia amenipa testa inayolia, nami nakutumia. Ukiisogeza karibu na waya wenye moto, yaani umeme, inalia. Waya usipokuwa na moto, inanyamaza. Kwanza ijaribu kwenye soketi unayoijua, ndipo uiamini.

Nataka Mjomba aumbuke hadharani, Mama. Ninaliomba hilo kila nikisali, ingawa najua si sala nzuri.

Mwanao

Nyumbani, 15 Juni

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Goti limetulia. Testa imefika, inalia kama kifaranga aliyepotezana na mamaye.

Mjomba wako amebadilisha nyaya za sebuleni, eti nisijiunguze. Alifanya harakaharaka huku akipiga mluzi. Jumamosi ijayo atamleta Bibi aione kazi, kisha Bibi aamue nikae au nihame. Majirani nao amewaalika.

Alipoondoka nilizima swichi ya ukutani, nikapanda kwenye meza, nikasogeza testa kwenye holda ya balbu. Ikalia. Nikashuka, nikawasha, nikazima tena: inalia tu. Swichi yake haikati waya wa moto. Inakata ule mwingine, na moto unabaki kwenye holda. Mwenye macho huona balbu imezimika, akaridhika. Mimi balbu hainiambii kitu.

Sijamwambia mtu. Unaijua tabia yake: akijisifu hutoa balbu na kutia kidole kwenye holda, juu ya ngazi yake ya chuma, watu waone kazi yake ni salama. Jumamosi, mwache atie.

Mama yako

Bwenini, 19 Juni

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, leo siulizi hata goti. Nimemuuliza mwalimu bila kutaja watu. Amesema aliye juu ya ngazi ya chuma akigusa waya wa moto hatatetemeka tu tukacheka. Anaweza kufa.

Nilitaka aumbuke, sikutaka azikwe. Akifa, nitalalaje ndani ya nyumba hiyo? Tafadhali, kata umeme kwenye meni, ile swichi kuu, kabla hajagusa. Baada ya hapo mlipize utakavyo, nami nitakushangilia.

Naiombea barua hii iwahi.

Mwanao

Nyumbani, 29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na mjomba wako ni mzima, pumua. Barua yako imefika leo. Jumamosi imeshapita.

Alipanda ngazi, akamwambia Bibi azime swichi ya ukutani, akatoa balbu. "Mama, tazama kazi ya mwenye macho!" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kiganja juu ya meni. Sikufichi: mkono ulisita. Masikioni nilimsikia tena akipekua mkoba wangu wa vifaa, siku ile ya bisibisi. Kisha nikaivuta chini.

Akatia kidole. "Mnaona? Salama!"

"Salama kwa sababu nimekata meni," nikasema. "Toa kidole, kaka."

Alipotoa nikairudisha meni, nikampa testa aisogeze kwenye holda. Ikalia. Akaiondoa, ikanyamaza. Akairudisha, ikalia.

"Ni nini hicho kinacholia?" akauliza Bibi.

"Kilio cha matanga ya mwanao, Mama. Nimekizuia."

Bibi hakupandisha sauti. "Mrudishie dada yako bisibisi zake. Ahame aende wapi? Wa kuchungwa ni wewe."

Nikakata meni tena, nikapanda mimi kuzirekebisha nyaya. Waya wa moto niliufunga fundo moja, ule mwingine mafundo mawili, vidole visichanganye. Mjomba wako alishika ngazi. Majirani walioalikwa kuona nikihamishwa waliona hilo, na mmoja akamwambia, "Kijana wa fundi, kaza mikono!"

Walipoondoka aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama nimemsamehe. Nikamwambia bado kuna vyumba vitatu vya kunishikia ngazi.

Mama yako