Ukishauliza, Nyamaza

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na hizo shuka za hoteli? Sisi wazima, na mwanao Kipusa kanenepa mashavu.

Kumbe mtoto anajibu! Miaka yote tunaambiwa huu ugonjwa wa kurithi, ambao hata madaktari wengi hawajawahi kuuona, umemnyima maneno na mikono, basi. Sasa kaja mwalimu wa mawasiliano. Anabandika picha mbili ubaoni, anauliza, halafu ananyamaza. Kipusa anachagua kwa macho, ila polepole mno. Sisi tulikuwa tunauliza na kujijibu wenyewe! Mimi kinyozi, kunyamaza kwangu ni adhabu, lakini jana nilifunga mdomo mpaka akachagua chai. Akacheka.

Mdogo wako

20 Februari

Kinyozi wangu,

Hamjambo? Mgongo tuuache. Nimelia chumba cha kufulia mpaka msimamizi akadhani nimeungua na pasi.

Na mimi nina habari: kibali cha kumleta Kipusa huku ughaibuni kimetoka! Mwezi wa sita nakuja kumchukua. Bandika picha yangu na yako, umuulize anataka kukaa na nani. Jibu nalijua, ila nataka uniandikie.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nilimuuliza siku ileile. Alitazama picha yangu. Nimekaa na jibu hili, natafuta namna ya kukudanganya, nimeshindwa.

Mdogo wako

19 Mei

Hujambo.

Hukusubiri. Mdomo wako naujua tangu utotoni. Mimi ndiye niliyemzaa. Muulize tena.

Dada yako

2 Juni

Shikamoo dada,

Nimeuliza tena, mwalimu akiwepo. Tukabadilisha picha upande. Nilinyamaza mpaka mteja akanifuata nyumbani na kichwa kimenyolewa nusu. Aliitazama yako, dada, aliitazama sana. Halafu akarudi kwenye yangu, akabaki hapo. Naumia kukuandikia.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, nasema tu.

Kibali nimekirudisha. Nilimwacha hajaanza hata kukaa; ningekuwa yeye, na mimi ningekutazama wewe. Picha yangu usiibandue. Jioni ukifunga kazi, muulize kama anataka kuiona. Halafu nakuomba, ndugu yangu, nyamaza, umsubiri.

Mama yake