Ukoo Unarudi Desemba, na Mtandao Ni Mmoja

Shangazi Theopista, shikamoo. Nasoma majibu yako toka nikiwa msichana, mama yangu alikuwa anafungia wateja maandazi kwa gazeti hili na mimi nalisoma haraka haraka kabla halijalowa mafuta, sasa leo zamu yangu imefika, na tafadhali usinicheke, maana jambo langu halihusu mume mlevi wala mchepuko, linahusu mtandao wa nyumbani.

Naanza na mazuri ili usije ukadhani naishtaki kampuni. Tunaishi Uru, juu kabisa, kwenye kihamba, shamba la urithi la wazee wa mume wangu, na kwa miaka yote ukitaka mtandao huku ulikuwa unakwenda kusimama kwenye jiwe moja karibu na zizi la ng'ombe, unainua simu juu, unajizungusha, na bando linaisha kabla hata picha haijafunguka. Ndipo ikaja kampuni moja ya hapa hapa Moshi, silitaji jina watu wasije wakasema nimehongwa, wakamtuma fundi wao anaitwa Godbless, akapanda juu ya paa na buti zake za tope, akasimamisha bomba refu lipite juu ya migomba, akafunga kisahani kikaelekea mnara ulio ng'ambo ya bonde, na mtori haujashuka jikoni tayari nilikuwa naongea na mdogo wangu aliyeko Mwanza, namwona hadi chunusi. Shangazi, ukungu ukishuka mlimani hata zizi hulioni lakini mtandao upo, masika yakipiga wiki nzima upo, umeme ukikatika ndiyo nao unaondoka, ila hilo si kosa lao na nimeshanunua betri. Halafu Godbless ukimpigia anapokea, akisema anakuja kesho, kesho anakuja kweli, na wewe mafundi unawajua, hiyo peke yake ni muujiza.

Kwa mtandao huo nimepata kazi. Nilikuwa mwalimu wa shule moja ya binafsi ikafungwa, sasa nafundisha Kiswahili kwa video, wanafunzi wangu ni madaktari na manesi wa Ulaya wanaojiandaa kuja kufanya kazi hospitali za huku kwetu. Nakaa chumba cha nyuma, nafunga mlango, nawafundisha "pole" na "unaumwa wapi" na "vua shati nikupime", ng'ombe wetu akilia dirishani wanafurahi wanauliza naye anaumwa wapi. Naipenda kazi hii jamani, sijawahi kupenda kazi namna hii.

Sasa sikia. Mume wangu Ronald ni kitinda mimba, na unajua kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo Desemba ikifika ukoo mzima unarudi kwetu, wa Dar, wa Arusha, wa Dodoma, magari yanaegeshwa mpaka ndani ya kahawa, tunachinja, tunakunywa mbege, watu wanalala hadi sebuleni, na nikisema sipendi nitakuwa nadanganya, napenda sana. Mwaka jana ndiyo ilikuwa Krismasi ya kwanza tukiwa na mtandao. Siku ile unafungwa, Godbless aliuliza paswedi tuweke nini, mimi nikawa bado nafikiria, baba mkwe wangu, mzee Sirili, aliyekuwa amekaa na kofia yake magotini, akasema, "Weka Bernadetha." Bernadetha ni marehemu mama mkwe wangu, tulikuwa tumemzika hapo hapo kihambani mwaka mmoja nyuma. Mzee akasema, "Kila atakayerudi hapa lazima amtaje yeye kwanza." Hata fundi akavua kofia. Basi mkesha wa Krismasi, baada ya sala ya chakula, mzee akasimama akaitangaza paswedi kama padri anavyotangaza ndoa, ukoo mzima ukaandika Bernadetha kwenye simu zao, wengine machozi yakawatoka, na mimi nikalia nao.

Yesu na Maria, kumbe hicho kilikuwa kilio cha kwanza tu! Keshokutwa yake, Krismasi imeshapita, watoto wanacheza magemu, mashemeji wanatazama mpira wa Uingereza kila mtu na simu yake kana kwamba hawawezi kutazama moja, na wifi yangu mkubwa Doris, dada mkubwa wa mume wangu, amejiweka barazani anawaonyesha kwa video wote waliobaki Dar jinsi mbuzi anavyochunwa, toka kwato hadi pembe, na anaeleza kama mtangazaji wa redio. Mimi huku chumba cha nyuma wanafunzi wananiona nimeganda mdomo wazi. Somo likafa siku hiyo, likafa na siku iliyofuata, mwisho wale walioniajiri wakawachukua wanafunzi wangu wakampa mwalimu mwingine. Nilimpigia Godbless nikamfokea, nikamwambia nanyi ni matapeli kama wenzenu, akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaniuliza taratibu, "Dada, samahani, hapo nyumbani kuna harusi? Maana simu zilizoingia kwenye mtandao wako ni nyingi kuliko za sekondari tuliyoifungia juzi." Kwa aibu nikamkatia.

Mwaka huu wamenipa kundi jingine, linaanza mara tu baada ya Krismasi, na wamenieleza wazi kabisa kwamba nikilifikisha mwisho bila kukatikakatika napewa mkataba wa mwaka mzima, na yakijirudia ya mwaka jana tunaagana. Kubadilisha paswedi siwezi, nitaonekana nimemfuta mama yao nyumbani kwake mwenyewe. Kuwakataza siwezi, mimi ni mtu wa kuolewa tu, na wifi Doris ana mdomo, atanisema mpaka Pasaka. Ronald yeye anasema tuchomoe kile kifaa tukifiche ndani ya pipa la mahindi, tuwaambie mnara umekufa, halafu nikichomeke kwa siri wakati wa masomo. Na kweli nilishaanza kuelekea huko, kwa sababu juzi juzi Godbless alipokuja kunyoosha kisahani kilichosukumwa na upepo nilimwomba kwamba akiulizwa na mtu yeyote aseme mnara ni mbovu hadi mwaka mpya. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Dada, nusu ya Uru tumewafungia sisi. Unataka niende kuitangaza kazi yangu mbovu kwa sababu ya mashemeji zako?" Akabeba ngazi yake akaondoka, hata chai hakuimaliza.

Shangazi nisaidie, nifiche au nisifiche? Siku zinakimbia, ulezi wa mbege tumeshauloweka.

Ni mimi, mke wa kitinda mimba, Uru.

*

Marahaba, mke wa kitinda mimba. Barua yako ilimfikia kwanza mhariri, akataka kuipeleka kitengo cha matangazo kwa jinsi ulivyoisifia hiyo kampuni. Nikamwambia aisome mpaka mwisho, akairudisha mezani kwangu anacheka. Mimi sikucheka. Mtu aliyepoteza wanafunzi wake akiwa amekaa nyumbani kwake mwenyewe, amezungukwa na watu anaowapenda, ana haki ya kulia. Pole sana, mwanangu.

Haya, pole imekwisha. Kaa vizuri nikuseme.

Umepata fundi anayesema kesho na kesho akaja. Wapo watu humu nchini wanaosali novena wapate fundi wa namna hiyo. Wewe ukamwita tapeli, na mwaka haujaisha unamwomba ajitukane mwenyewe mbele ya wateja wake. Na huyo Ronald, pipa la mahindi! Mwulize, wifi yako Doris akifika, asubuhi ya kwanza kabisa, akitaka kuwarushia kuku wa mama yake mahindi, atafunua wapi? Mngeumbuka Krismasi yenyewe haijafika.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja na sijakiona. Mimi umenieleza habari za madaktari, manesi, kundi jipya na mkataba. Mzee Sirili umemweleza lini? Doris je? Unaingia chumba cha nyuma, unafunga mlango, huku nje watu wanasikia unacheka na kumwambia mtu avue shati! Unadhani wanafikiri unafanya nini humo? Wanafikiri unapiga soga na wazungu. Doris hakukuibia kazi, binti yangu. Hakujua kama kuna kazi. Umemwogopa mdomo wake hata masikio yake hukuyajaribu.

Sasa niambie. Mbuzi akichinjwa hapo kwenu, kila mtu huja na kisu akajikatia anapopenda? Thubutu! Mimi pia ni wa mlima huo huo, najua. Kidari kinajulikana ni cha nani, mgongo wa nani, shingo ya nani, na aliyechelewa na basi la Dar hulikuta fungu lake limetundikwa linamsubiri. Hakuna anayenuna, kwa sababu yanapangwa hadharani juu ya majani ya migomba na kila mtu anaona. Kinachovunja ukoo ni siku litakapokutwa paja limefichwa uvunguni. Mtandao mmeuacha bila kuugawa, kila mmoja na kisu chake, halafu sasa mnataka kuuficha uvunguni. Mmekosea mara mbili jambo ambalo baba zenu walishalimaliza.

Utafanya hivi. Kabla ya kumpigia fundi, nenda kwa baba mkwe wako. Mpelekee chai, msalimie, keti, umwambie kwa maneno machache: baba, kile ninachofanya chumba cha nyuma ni kazi yangu, na Desemba hii ikikatika naipoteza. Usimweleze habari za kisahani na mnara. Siku ya somo mchukue aingie, mweke kitini karibu nawe, wanafunzi wako wamwamkie. Madaktari wa Ulaya wakimwambia "shikamoo baba" kwa pamoja, na yeye akaanza kuwafundisha salamu ya Kichaga, "shimbonyi", kabla hujafungua kitabu, kazi yako haitahitaji wakili mwingine. Mzee aliyetaka jina la mkewe liwe mlango wa kila anayerudi nyumbani si mtu mgumu. Ni mtu ambaye hakuna aliyemweleza.

Kisha mpigie Godbless. Radhi kwanza, ombi baadaye, usivichanganye. Mwombe augawe mtandao wenu njia mbili, jambo ambalo mafundi wanalifanya kwenye mahoteli ya hapo mjini kila siku, nimeuliza. Njia kubwa ibaki na jina la Bernadetha, ya ukoo mzima, hakuna atakayeligusa jina hilo. Njia ndogo iwe ya kazi yako, na video ya mbuzi isiweze kuifikia. Jina la hiyo ndogo achague mzee.

Na anayetangaza si wewe. Wewe nyamaza, koroga supu ya kisusio. Mzee Sirili atasimama pale pale penye mafungu ya nyama aseme: hili la wote, na hili la mke wa kitinda mimba, ni la kazi. Atakayeguna agune mbele ya baba yake. Doris naye mwombe mwenyewe, ana kwa ana, akusaidie kuwanyamazisha watoto saa za somo. Mdomo huo unaouogopa uweke mlangoni kwako, uone kama kuna mtoto atakayethubutu kupita na filimbi ya Krismasi.

Bado jambo moja, na hili usilisahau hata kama yote mengine utayasahau. Siku hiyo mafungu yakipangwa, lihesabiwe na la fundi. Wala si hongo. Ni mtu aliyepanda juu ya paa lenu, akavua kofia mlipomtaja marehemu, na akakataa kukudanganyia watu wako. Huyo si wa kutumiwa nyama kwenye mfuko wa nailoni. Mwite aje mwenyewe, akae na wanaume wa ukoo, ale fungu lake pale pale. Na ile chai yake mpashie moto, aimalize.