Wakwe Wasilione Tumbo Langu

Langas, Eldoret

Kwa ndugu yangu Wafula,

Salamu za nyumba hii zikukute umeketi, maana ukiwa umesimama utatoroka kabla sijamaliza. Habari ya mwili? Habari ya mke wako, na yule ng'ombe mwenye tabia kama zako? Mvua imeanza huko Chwele? Sisi huku tunasukuma. Baridi ni ile ile, na mimi nazidi kunenepa mahali pamoja tu. Juzi nilipeleka mzigo wangu wa pazia soko la Burnt Forest, na mama mmoja muuza viazi akainuka akanipa kiti, akaniuliza nangojea mtoto mwezi gani. Nikamwambia kwa umri wangu huu, hata Sara wa Biblia angenishangaa. Lakini nilikaa. Kiti hakikataliwi.

Kucheka kumeisha hapo. Siku zote nakuita Baba Nanjala, kwa heshima. Leo nakuita Wafula, vile mama alikuita siku mbuzi walimaliza mahindi ya watu ukiwa umelala. Simu zangu unakata. Barua unaweza kuichana, lakini kwanza lazima uishike.

Nimesikia wakwe walikuja kuzungumza mahari ya Nanjala. Nimesikia kwa mteja wa pazia, Wafula, akinipa pongezi! Mimi senge wa msichana, shangazi yake, dada wa pekee wa baba yake, nikasimama pale na futi ya kupimia mkononi nikijifanya najua. Tangu lini kwetu mahari ikazungumzwa na senge hayuko? Ni nani alimpokea mtoto huyo akizaliwa? Ni nani anapaswa kukaa naye chumbani na kumwambia mambo ambayo baba hawezi kumwambia? Nilifikiri umesahau. Kumbe hukusahau. Uliwaambia wageni niko safari ya mbali, kwa sababu unajua vile watu huchunguza ukoo kabla ya kutoa ng'ombe: kuna kifafa huko? Kuna wazimu? Kuna wanaofura tumbo? Ukaona nikiingia na hili langu, harusi imekufa.

Ungenificha mimi peke yangu, ningenuna, halafu ningesahau, unanijua. Lakini ulificha na ugonjwa wa mtoto. Amekuwa akikuambia kichwa kinamuuma na kiuno kinamchoma, na wewe ukamwambia asikanyage hospitali mpaka ng'ombe waingie boma. Ukamtumia vidonge vya maumivu vya dukani, vile vikali, ati ameze akisikia vibaya. Hayo yote amenieleza mwenyewe.

Alikuja kwangu Jumapili baada ya kanisa, kutoka Kapsoya anakofanya kazi ya saluni. Nilikuwa namfanyia utani kuhusu huyo mchumba wake, nikaona ameshika ukuta. Nikamuuliza, akasema ni kawaida. Kesho yake asubuhi nikampeleka kwa kliniki yangu ya figo. Muuguzi akampima presha mkono huu, akapima na ule, presha iko juu, kisha akaniangalia mimi kama ndiye nimemwibia. Wakampiga picha ya tumbo. Daktari akageuza kioo tuone: vifuko vya maji kwa figo zote mbili. Ni kama vyangu vilivyonifurisha tumbo, ila vyake bado ni vidogo.

Msichana hakulia. Aliuliza kama shida iko kwa figo, kichwa kinaingilia wapi. Daktari wetu ni mtu mpole, akavuta kiti akatueleza. Figo si kichungio kimekaa kimya tu. Kuna neva zinatoka kwa figo kwenda ubongoni, na zingine zinarudi chini. Vifuko vikikua vinabana na kuvuta, na figo inapeleka malalamiko juu. Ubongo nao unajibu kwa ukali: unakaza mishipa ya damu, unaiambia figo ishike chumvi na maji. Presha inapanda, kichwa kinauma. Presha ikipanda, figo inaumia zaidi, inalalamika tena. Na maumivu ya kiuno yanapita njia hizo hizo za neva.

Nikajua basi kwamba figo zangu na ubongo wangu wanaishi kama mimi na wewe. Tofauti ni kwamba ubongo hupokea simu.

Alisema watafiti wamejaribu kukata neva hizo kwa panya wenye ugonjwa kama huu, na kwa wengine presha ikashuka na figo zikapunguza kufura. Kwa watu, wachache wenye maumivu makali wamechomwa hizo neva, na kuna waliopata nafuu, lakini kama inasaidia figo yenyewe bado haijulikani. Nikamwambia aanze na mimi leo, hata chai sijakunywa. Akasema mimi si panya, ni mwanamke mkubwa anayependa chumvi. Kwa sasa ni vidonge vya presha kila siku, chumvi kidogo, na kupimwa.

Halafu Nanjala akatoa vile vidonge vyako kwa mkoba. Daktari aliviangalia, na ule upole ukaisha. Akasema vitu hivi vinaumiza figo, na kwa figo kama hizi ni kuzimwagia petroli. Akauliza nani amempa. Nanjala akaangalia sakafu. Mimi ndiye nilisema ni baba yake, na niliona haya kwa niaba yako, Wafula, haya ambayo ungepaswa kuja kuona mwenyewe.

Kumbe mama hakurogwa na mtu. Zile nyakati za usiku alikuwa akishika ubavu akiomba afe, ilikuwa hii hii. Na wewe mpaka leo humsalimii yule jirani wa mtoni uliyesema ndiye alimroga, na watoto wake umewakataza kuchota maji kwetu. Nenda umsalimie.

Kuhusu harusi yako, tulia. Nilimwambia msichana angoje kwanza, akakataa. Alimpigia huyo kijana tukiwa bado kwa benchi ya kliniki, akamwambia yote: figo, presha, nyanya yake, mimi, hata kwamba watoto wao wanaweza kurithi. Kijana akauliza, "Hizo dawa unaanza leo ama kesho? Nije nikupeleke." Jioni alikuja. Alinisalimia akiniita senge, bila kufundishwa na mtu, akalipokea tumbo langu pamoja nami. Kwa hivyo uliyekuwa unamficha wakwe, wakwe wamemwona.

Sasa sikia kitu ambacho kimenifanya niandike barua hii. Tukiondoka, daktari aliniita nyuma. Akaniuliza, "Baba ya huyu msichana amepimwa?" Nikasema wewe ni mzima, unalima, unabeba gunia. Akatikisa kichwa. Alisema ugonjwa huu wa kwetu hauruki kizazi. Haukutoka kwangu kwenda kwa Nanjala, mimi sikumzaa. Ulitoka kwa mama, ukapita kwako.

Wewe unao, Wafula. Unao sasa hivi ukisoma hapa. Yale maumivu ya kichwa unayosema ni jua, na ule mshipi uliotoboa tundu jipya ukasema ni ugali wa mke wako. Nilikuwa na hasira ya kukutukana kurasa nyingi, na bado ninayo, lakini nimezika mama na siko tayari kukuzika wewe. Njoo upimwe. Ukikataa, nitakuja na boda mpaka mlangoni na nikubebe mgongoni, hata kama tumbo limeshika nafasi ya mbele.

Nisalimie mke wako, shemeji yangu mvumilivu, na umpe hii barua asome kabla hujaificha. Salamu kwa kitinda mimba wako, na kwa baba mdogo anayechunga kanisa. Aniombee, lakini kwanza akusukume wewe kwa gari.

Kitanda chako kiko tayari hapa Langas.

Ni mimi dada yako mwenye hasira, na asiye na ndugu mwingine,

Nekesa