Wangechi Mdogo Harudi PP2

Kwako Mama, Wangechi mkubwa,

Nakusalimia kwanza kwa sababu ulinilea hivyo, hasira itafuata. Goti linaendeleaje na hiyo baridi ya Mweiga? Viazi vilichomwa na baridi ama viliponea? Mimi ni mzima hapa Leeds. Mgongo unaniuma kwa kuinua wazee kutwa nzima, lakini kazi ipo na Mungu yupo.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu hatumalizani. Nikianza mambo ya mtoto unasema, "Ati nini? Network imepotea," halafu nakusikia vizuri kabisa ukimwambia ng'ombe asimame. Nyokabi mdogo wangu nitamtumia picha ya barua akusomee, na nimemkataza kuruka mahali popote kwa huruma.

Jumamosi alinitumia picha ya ripoti ya Wangechi. Hesabu amefanya vizuri. Kusoma, chini ya matarajio. Kuongea, chini ya matarajio. Halafu mwalimu ameandika kwamba muhula ujao atolewe Grade 2 arudishwe chekechea, PP2, akae na watoto wa miaka mitano. Mama, mtoto wangu ana miaka minane! Na wewe ulikuwa umeshakubali. Nilipokupigia ukaniambia, "Si mbaya, Gathoni. Hao ni wadogo, hawatamcheka."

Ningeweza kuvumilia hilo. Lakini kulikuwa na picha ya pili. Nyokabi alikuwa anatafuta kadi ya kupandisha ng'ombe kwa ile faili yako, akapata karatasi ya kliniki. Nesi aliandika Wangechi akiwa na miaka mitatu, miezi miwili tu baada ya mimi kuondoka, kwamba apelekwe hospitali kubwa ya Nyeri akapimwe masikio na kuongea. Nakumbuka nilikuuliza siku hiyo kliniki ilikuwaje. Ukanijibu uzito ni sawa.

Miaka mitano, Mama! Ng'ombe akikataa kula asubuhi, daktari wa mifugo anafika kabla chai haijachemka, hata kama ni Jumapili. Mtoto amekosa maneno miaka mitano, na karatasi yake inalala katikati ya kadi za ng'ombe. Nilipoiona nilikaa kwenye ngazi za kazini nikaisoma tena na tena. Sijawahi kukukasirikia hivyo tangu nizaliwe, na sitakuficha.

Najua jibu lako, nimelisikia tangu mtoto akiwa na meno manne. "Huyo amenifuata mimi. Si mimi pia nilichelewa kuongea? Na si sasa naongea?" Wamama wa kanisa wakacheka, wakasema jina limemshika. Nilimpa jina lako kama desturi yetu inavyotaka, basi tukachukulia kwamba na kimya chako amekuja nacho. Nani angepeleka jina hospitalini? Mimi pia nilicheka nao. Kwa hiyo usidhani hasira hii yote ni yako, nusu nimejibakishia.

Hapa kazini kuna mzee aliyepigwa na kiharusi, maneno yakamtoka yote. Kila wiki anakuja mama mmoja ambaye kazi yake ni kufundisha watu kuongea. Anamwonyesha picha ya kikombe, anangoja. Anangoja mpaka mimi nataka kumjibia mzee, na yeye ananiashiria ninyamaze. Juzi mzee alisema "chai." Tulipiga makofi.

Nikaenda jikoni nikalia, kwa sababu mzee wa miaka themanini ana mtu wa kumngoja na mtoto wangu hana. Yule mama alinifuata, nikamweleza. Akaniuliza, "Akiwa na miaka miwili alikuwa na maneno mangapi?" Nikamwambia ameitwa jina la mama yangu. Akaningoja niendelee.

Aliniambia mtoto ambaye lugha imemchelewea, mara nyingi kusoma nako kunamshinda, maana anaambiwa asome maneno ambayo bado hayajamkaa masikioni wala mdomoni. Kumrudisha kwa wadogo hakumfundishi hayo maneno. Akipimwa na kusaidiwa, anasonga mbele. Hata akiwa na minane.

Kwa hivyo Alhamisi hakuna kwenda shamba. Nyokabi atawapeleka Nyeri, wewe na mtoto, na hiyo karatasi ya nesi mkononi. Ijumaa ataenda kwa mwalimu amwambie Wangechi harudi PP2. Akitaka kubishana anipigie mimi, nina maneno ya kutosha.

Nisalimie mjomba wangu wa pikipiki ya maziwa. Nisalimie Mama Kimani, jirani yetu mwema, anayemjibia Wangechi kila akiulizwa kitu. Mwambie asante, lakini anyamaze. Mchungaji pia mpe salamu, bila kumsomea hii barua.

Jambo la mwisho. Kuna ile hadithi unayotusimulia kila Krismasi, vile walikurudisha kukaa na wadogo kwa sababu hukuwa unamjibu mwalimu, magoti yakakataa kuingia chini ya dawati, ukaomba ruhusa ya choo ukapitia kwa ua na hukurudi tena. Na baba yako hakuuliza kitu, alikupa tu mbuzi uchunge. Unaisimulia vizuri, nimeicheka mpaka machozi. Wiki hii nimeifikiria huku peke yangu, na sioni mahali pa kucheka. Ulikuwa na miaka tisa. Hukuwa mjinga, Mama. Ulikuwa mtoto aliyechelewa kuongea, wakakupa mbuzi.

Ni mimi binti yako, mama yake Wangechi,
Gathoni