Mgeni Aliyesema Anamjua Elpidius

Jovitha,

Ndizi nimeshamenya, ziko kwenye sufuria. Weka maharage, kisha funga mlango kwa komeo. Bibi asibaki peke yake.

Asubuhi alikuja mtu mwenye baiskeli. Akamwambia Bibi kwamba kaka yako Elpidius amelazwa Mwanza, na gari litapita mchana kuchukua magunia yetu ya kahawa yakauzwe kwa matibabu. Nilipotoka shambani nilimkuta anataja kazi ya Elpidius, hata ng'ombe aliyemchunga utotoni. Bibi analia, ananiambia, "Unaona? Anamjua!" Kumbe yote hayo Bibi ndiye aliyemweleza, wakinywa chai.

Nikamuuliza yule mtu, "Ule mguu wa kushoto, bado anachechemea?"

"Bado, mama. Anajikongoja tu."

Elpidius hajachechemea hata siku moja. Nilimfukuza na jembe mkononi.

Akirudi na hilo gari, ~~mkalishe nje mpaka nifike~~ usimfungulie kabisa. Piga kelele, mzee Mbonimpa hapo jirani atasikia.

Bibi amenuna, anasema nimemfukuza mtu aliyemletea habari za mjukuu wake. Usimcheke. Mbembeleze ale.

Ninakokwenda sijamwambia. Bibi alimtajia yule mtu dada yake pia, Bibi Vestina wa Bweranyange, kwamba ni mjane, haoni vizuri na anaishi peke yake. Nimemwona yule mtu kwa macho yangu akishika njia ya Bweranyange. Nimeazima baiskeli ya Mbonimpa, namfuata.

Mama yako