Seredani Ndani ya Sanduku la Kijivu

Manah, Alkhamisi 12 Januari 1995

Mwanangu Khelef,

Asalaam alaykum, wewe na mkeo Lamya na wajukuu zangu Yazeed na Raghad. Vipi hali zenu na uchovu wa safari? Mie mzima, magoti tu ndiyo yanayolalamika.

Ukiisoma barua hii mshafika huko Uswisi, mshafungua sanduku la kijivu, na Lamya keshanuna. Mwambie anisamehe. Nilipokuwa nikikufungieni mizigo nilitoa viatu vyake jozi mbili, nikatia seredani langu dogo la bati na mfuko wa mkaa wa mti wa samar. Nimeufunga ndani ya shuka usichafue nguo. Ubani umo kwenye soksi za Yazeed, na barua hii nimeitia humo humo.

Najua utasema, mama, Ulaya kuna umeme. Umeme mie siujui, baridi ndiyo naijua. Umesahau mwaka tulioteremka kutoka Unguja kuja huku nchi ya Maskati, sabiini na mbili, baba yako Mungu amrehemu akatupeleka Al Hamra kwenye nyumba ya udongo ya kwao? Ulikuwa na miaka minane, hujapata kuiona baridi, jabali lote lile linakupulizia wewe. Nikawasha seredani hili hili, nikaliweka karibu na miguu yako, nikafunga mlango. Ukalala mpaka alfajiri. Tulilala hivyo msimu mzima na hukukohoa hata siku moja.

Safari hii sijaipenda, nimeshakwambia, na sitosema tena. Yazeed kahifadhi juzuu ya Amma ya msahafu, ungempa baiskeli. Wewe ukamwahidi theluji. Haya, ahadi ni ahadi. Ninalokuomba ni moja tu: nirudishie watoto hawa wazima kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Wajukuu sina wengine.

Ukipata faksi huko, tuma dukani kwa Hashil. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, na kila siku yuko pale Nizwa anauza vigae vyake, atanipa karatasi mkononi.

Mama yako

*

Jumamosi 14 Januari 1995

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliyebaki peke yako. Magoti yanaendeleaje? Dawa ya kuchua ipo juu ya friji.

Tumefika salama. Lamya alinuna kweli, alinuna masaa mawili, viatu alivyobakiwa navyo ni vya harusini. Lakini jana usiku yeye ndiye wa kwanza kulisogelea seredani lako. Nyumba tuliyopanga ni ya mbao, iko juu kabisa mwisho wa kijiji, haina simu. Ina mashine mbili za joto za umeme, zinafanya kelele tu. Pa kuwashia kuni pana tangazo la mwenye nyumba, haparuhusiwi kuwasha, bomba la moshi limezibwa. Usiku wa kwanza watoto walilia baridi. Wa pili nikawasha mkaa chumbani kwao, wakanyamaza wakalala.

Madirisha ya huku ni ya vioo viwili viwili, mama, upepo hauingii hata wa kuzimia kibiriti.

Yazeed ameanza masomo ya kuteleza. Wanavaa mbao ndefu miguuni na fimbo mikononi, wanaachiwa kuteremka mlimani. Kila akianza kuteremka anasema Bismillahi kwa sauti kubwa, sasa watoto wa Kizungu nao wanasema. Raghad anavutwa kwenye kigari kisicho na magurudumu na hataki kushuka.

Faksi natumia hapa ofisini kwa walimu wa kuteleza. Napita kila nikimleta Yazeed.

Mwanao Khelef

*

Nizwa, dukani kwa Hashil, Jumatatu 16 Januari 1995

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Nimefurahi kupata khabari zenu, mie sijambo. Nimekuja na teksi ya Nadhir, njia nzima ananieleza kisukari chake.

Umeona sasa? Mama yako mshamba, lakini seredani limeuzima umeme wa Ulaya. Basi nisikilize. Joto usiliache litoroke. Chukua taulo uzibe chini ya mlango, na penye ufa wowote dirishani tia kitambaa. Mkaa ukianza kufanya jivu juu, usiuchokoe, uache uende taratibu mpaka asubuhi. Watoto wawe karibu nao, lakini si karibu wa kujiunguza.

Jambo jingine silipendi. Jirani yetu Shukriya kaja jana kuniuliza habari zenu. Kasema, watoto wa Khelef wamependeza wale, kama wa kwenye televisheni, na wanapelekwa mpaka kwenye theluji. Hakutaja jina la Mungu. Nimemnyima kahawa, akaenda zake. Wasomee watoto kila jioni, tafadhali.

Mama yako

*

Jumatano 18 Januari 1995

Mama,

Shikamoo. Tuko hai, alhamdulillahi, ila hatuko vizuri kama juzi.

Jana asubuhi Raghad aliamka akatapika. Yazeed kichwa kinamgonga, hata viatu alishindwa kufunga. Leo vile vile. Mimi mwenyewe naamka kichwa kizito na miguu haina nguvu. Tukishatoka nje kwenye theluji, ikifika adhuhuri sote wazima, Yazeed anateremka mlima kama si yeye. Tukirudi tukilala, asubuhi yale yale. Mwalimu wake kasema ni urefu wa mlima, wageni wengi hupata hivyo, tutazoea.

Ajabu ni kuwa sura zao hazioneshi ugonjwa. Raghad mashavu mekundu kama tungule. Analala usingizi mzito, leo nimemwita mara nne ndipo akafumbua macho.

Nimegombana na Lamya. Aliamka alfajiri akafungua dirisha wazi, theluji ikaingia mpaka kwenye blanketi la mtoto. Anasema hewa ya chumbani ni nzito, na hautaki mkaa tena. Mimi naogopa baridi, nje ni chini ya sifuri kwa digrii kumi na tano. Bila ya seredani watalalaje? Nipe shauri, mama.

Mwanao

*

Nizwa, Alkhamisi 19 Januari 1995

Mwanangu Khelef,

Asalaam alaykum. Mie mzima wa mwili, moyo ndio haujatulia tangu Hashil aniletee karatasi yako.

Mtoto anatapika na mashavu yake yamenawiri, na nje ni mzima, ndani mgonjwa. Hilo si la mlima. Hilo ni jicho la husuda, na mwenye jicho nimeshakutajia. Toa ubani kwenye soksi, utie juu ya makaa kila baada ya magharibi, wazungushie watoto mara saba, na chumba kifungwe moshi usitoke. Uwasomee Ayatul Kursi.

Na Lamya mwambie hivi kutoka kwangu. Mie nimelea kwenye baridi, yeye kalelewa Maskati kwenye kiyoyozi. Anayemfungulia mtoto dirisha kwenye theluji anamchimbia kaburi. Nimesema kwa ukali kwa sababu nampenda, na aliolewa kwangu ana miaka kumi na tisa, mie ni mama yake vile vile. Dirisha lifungwe na asiliguse.

Kesho Hashil ananipeleka Al Hamra. Wifi yangu Bimdogo haamki kitandani, nataka kumwona. Nitalala huko siku mbili. Ukituma, Hashil atanitunzia karatasi.

Mama yako anayekuombeeni

*

Jumamosi 21 Januari 1995

Mama,

Shikamoo, na pole na safari ya Al Hamra. Bimdogo yu hali gani? Msalimie sana.

Nimefanya ulivyosema. Lamya nilimsomea barua yako, akalia kidogo, kisha akasema mama anajua zaidi kuliko mimi. Hajaligusa dirisha tena. Watoto bado wanaamka hoi, leo Yazeed hakwenda masomoni kabisa, lakini ubani tunafukiza na naamini utatoka ubaya huu.

Leo wametangaza dhoruba. Umeme wa upande wetu umekatika tangu asubuhi, huku chini upo. Njia ya kupandia kwetu wataifunga jioni. Usiwe na wasiwasi, nimepata dukani mifuko miwili mikubwa ya mkaa, wa kuchomea nyama, unashika moto upesi. Usiku wa leo tunalala wote chumba kimoja. Mlango nimeuziba kwa taulo na madirisha nimeyapiga utepe mpana pembe zote. Seredani nitalijaza mara mbili ya kawaida, liende mpaka kesho mchana.

Kesho Jumapili ofisi hii haifunguliwi. Tutasikizana Jumatatu inshallah.

Yazeed anasema umwekee halua ya Nizwa, ile nyeusi, na Raghad asipewe.

Mwanao Khelef

*

Nizwa, Jumapili 22 Januari 1995, asubuhi

Khelef,

Khelef mwanangu, kabla ya salamu, zima mkaa. Toa seredani nje. Fungua madirisha yote na mlango, watoe watoto kwenye theluji hata wakilia. Kisha ndiyo usome barua iliyobaki.

Jana Bimdogo alitaka kuiona nyumba ya zamani kabla hajafa. Tukambeba na kiti mpaka ndani, chumba kile kile tulichokuwa tukilala. Nikamwonesha mahala nilipokuwa nikiweka seredani. Nikamsimulia na wewe huko, na taulo, na watoto wanavyoamka. Nilikuwa najisifu, mwanangu. Bimdogo akanyoosha kidole juu, chini ya dari la magogo ya mtende. Pana tundu la kuingia mkono mzima, limefanya weusi wa masizi. Na jingine upande wa pili. Miaka yote ile sijapata kuyainulia macho.

Akaniambia, "Mumeo alikuwa akipanda ngazi kila usiku kuangalia kama tundu hili liko wazi. Nyumba ya pili waliliziba la kwao kwa ajili ya baridi, asubuhi wakatolewa watatu, na mashavu yao mekundu utasema wako hai."

Nikamwambia Hashil nirudishe Nizwa sasa hivi. Gari ikatuzimikia njiani ikakataa kuwaka, tukalala kwa watu, tumefika asubuhi hii. Ndipo akanipa karatasi yako ya jana.

Lamya alikuwa sahihi. Mwambie nimesema kwa ulimi wangu, yeye alikuwa sahihi na mie mjinga, nitamwomba radhi mbele ya mama yake na ndugu zake wote. Si jicho. Shukriya nimemdhulumu. Ni mie niliyetia lile bati sandukuni.

Ukurasa wa kwanza tumeutanguliza, mashine imesema umefika. Hashil anapiga simu ofisini kwenu, inalia tu. Anasema ni kama ulivyoandika, huko Jumapili hufunga. Nikamuuliza ofisi gani ya watu wazima inayofunga Jumapili, akasema mama mdogo, wao Jumapili ndiyo Ijumaa yao.

Zima mkaa, baba. Nijibu neno moja tu.

Mama

*

Nizwa, Jumatatu 23 Januari 1995

Mwanangu Khelef,

Jana nimekaa hapa dukani mpaka Hashil kafunga, na leo nimefika kabla hajafungua. Nimekaa kwenye boksi la vigae mbele ya mashine. Imelia mara tatu. Mara ya kwanza bei za vigae kutoka Dubai. Ya pili bei za vigae. Ya tatu mtu kakosea namba.

Saa tano ya hapa simu ikapokelewa. Msichana wa ofisini alimwambia Hashil kwa Kiingereza kuwa karatasi yangu ameikuta sakafuni, haijui lugha yake. Hashil akamweleza. Kasema njia imefunguliwa sasa hivi na atapeleka watu wapande nyumbani kwenu na makoleo, kisha ataandika. Hilo ni la saa tano. Sasa saa tisa kasorobo.

Nimekuwa nikikuhesabia njia za kupona. Labda mkaa wa dukani ulikuwa mbovu haukushika. Labda Lamya aliamka usiku akafungua dirisha. Ana kichwa kigumu yule msichana, siku zote nikimlaumu kwa hicho kichwa, na leo nimemwomba Mungu kiwe kigumu kuliko siku zote. Ningejua amenivunjia amri ningembusu miguu. Lakini wewe umeandika hajaligusa tena, na karatasi hiyo ninayo mfukoni.

Halua nimenunua. Ile nyeusi. Ya Raghad nimemwekea mbali, kaka yake asijue.

Mashine inalia.

Hashil kasimama. Karatasi inatoka taratibu, naona juu pana muhuri. Imepigwa taipu. Si mwandiko wako.

Hashil ameisoma. Amekwenda kufunga mlango wa duka, kampa ishara mfanyakazi atoke, sasa amerudi amesimama mbele yangu na karatasi kaigeuza ubavuni. Ananiita mama mdogo. Nimemwambia angoje, hanioni nnaandika barua? Maadamu nnaandika hatonisomea, ana adabu huyu, kalelewa vizuri.

Basi mwanangu, asalaam alaykum, wewe na Lamya na Yazeed na Raghad. Vipi hali zenu huko kwenye baridi? Sisi huku hatujambo, wote wazima, magoti tu. Hatuna neno ila hamu ya kukuoneni. Mwezi utaandama wiki ijayo, na nyumba nimekufungulieni madirisha yote.

Mama yako