Nusu ya Kidonge, Nusu ya Kijiko

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa mpwa wangu Kiroboto,

Pokea salamu za mtu ambaye siku hizi hospitali nzima haianzi kazi kabla hajafika. Sijisifu, unanijua. Mlinzi akiniona tu ananyanyua kizuizi cha magari, na mimi hata baiskeli sina. Daktari wa wazee, mwanamama msomi mwenye sauti ya kunong'ona, haandiki dawa ya bibi yako bila kuniuliza kwanza, "Fundi, mama yetu ameamkaje?"

Vipi hali yako? Mumeo na mapacha hawajambo? Na kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Sisi tunamshukuru Mungu. Cherehani inanguruma, paa bado linavuja palepale. Ningekupigia simu, lakini simu hukatika kabla sijafika penyewe, na leo nina jambo.

Mzigo wako umefika. Sweta limempendeza bibi yako, hataki kulivua hata jua likiwaka. Ila zile kapsuli nyekundu ulizotuma uliposikia homa ya mkojo inamrudia, sijampa. Usinune kwanza. Nisikilize mjomba wako.

Nakulaumu vipi, wakati mimi na wewe tumelelewa na kijiko kimoja? Kile cha bati, chenye mpini uliopinda. Ulikuwa huna hata meno ya mbele. Mwisho wa mwezi bibi yako anatupanga kwenye ukuta wa jikoni, mrefu kwa mfupi, na chupa ya mafuta ya nyonyo kwapani. "Kipimo kimoja kwa wote, hakuna upendeleo!" Mimi nilishaanza kuota masharubu, na bado nilisimama foleni. Wewe uliruka huku na huku mpaka ukapata jina. Mimi nilikuwa nayameza kama simba, bila kukunja uso. Majirani walikuja kutazama.

Nakumbuka mpaka harufu ya ukuta ule, chokaa na moshi. Bibi yako alikuwa na mikono ya kutushika wote kwa mkupuo mmoja. Siku hizi kikombe anakishika kwa mikono miwili.

Unajua alivyougua mwaka jana, lakini hatukukueleza yote. Alipewa vidonge vikali vya kifua, dozi ya mtu mwenye nguvu zake. Kifua kikapona, tumbo likafunguka. Aliharisha mpaka akawa hajui kama mimi ni mimi au marehemu babu yako. Daktari akanieleza kwamba tumboni mna wadudu wema na wabaya, kama mtaani tu. Dawa ile ilihamisha wema wote, wabaya wakabaki na funguo za nyumba. Na tumbo lililowahi kuvamiwa hivyo, kuvamiwa tena ni rahisi.

Aliporudi nyumbani akaniomba nimpunguzie gauni lake la buluu. Nikamzungushia futi kiunoni. We acha tu. Ilimzunguka ikabaki ya kumpima mtoto. Nikasingizia cherehani imeishiwa mafuta, nikatoka nje kidogo.

Kwa hiyo safari hii homa ilipopanda nilimkimbiza hospitali asubuhi ileile. Daktari akampima uzito, akatoa damu kuangalia figo, akasema zinachechemea. Dozi ya watu wengine kwake ni mafuriko. Akamwandikia dawa nyingine, nusu kidonge, kwa siku chache tu. Vile vidonge vya kiungulia alivyomeza miaka nenda rudi akavisimamisha, ati vinalegeza ulinzi wa tumbo. Na akianza kuharisha nimpeleke mara moja, nisimpe cha kuzuia. Nikamwambia, "Daktari, hata sisi mafundi hatushoni kwa vipimo vya harusi. Tunapima mwili wa leo." Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa shahada ya pili.

Basi nikaja na nusu yangu kwenye kisahani. Bibi yako akaitazama, akanitazama.

"Nusu? Kwani mimi ni nusu mtu?"

"Mama, ndivyo alivyosema daktari."

"Yule mtoto? Mwambie nyumbani kwangu dawa haikatwi. Na hiyo nusu nyingine mnamwekea nani?"

Nikaenda kumchemshia maji ya kunywa. Kurudi, namkuta ameketi kitandani, kapsuli zako mbili kiganjani, bilauri mkononi. Alizitoa kwenye mzigo akazilaza chini ya mto.

"Hizi kaniletea mjukuu wangu," akasema. "Mjukuu hanipunji."

Kiroboto, maji niliyaweka chini. Nililiona gauni lile la buluu likimpwaya tena. Kumpokonya? Afadhali umpokonye chui nyama. Nikafanya ninalolijua kuliko watu wote wa ukoo huu, nikadanganya. Nikashika tumbo, nikasema, "Mama, mwenzio naumwa. Nani atanipa dawa?"

Aliweka bilauri chini palepale. Kapsuli akazisahau juu ya shuka. "Nenda kasimame ukutani," akasema, na kijiko akakitoa sijui wapi, miaka yote hiyo! Nami nikamletea ile chupa ya nyonyo kutoka jikoni. Nikamnong'oneza kuwa tumbo langu siku hizi linataka nusu kijiko tu. Akafikiri. "Nusu kwako, nusu kwangu?" "Kipimo kimoja kwa wote, Mama." Akacheka, akanilisha kijiko, akameza nusu yake ya kidonge.

Na hivyo ndivyo tulivyofanya kila asubuhi mpaka dawa ikaisha. Homa imeshuka, tumbo limetulia, jana amenigombeza kwa supu kukosa chumvi, nami nimefurahi kama mgeni wa heshima. Kapsuli nimezipeleka kwa mfamasia. Nakuomba kitu kimoja: mpigie bibi yako, umwambie homa ikirudi, nusu ya daktari ni kama umeituma wewe. Neno lako linamwingia kuliko langu.

Msalimie mumeo, uwabusu mapacha, na wifi yako umwambie gauni lake liko tayari, alete mwili. Bibi yako anakuombea ulale salama na uamke na riziki. Nami naitikia amina.

Neno moja la mwisho, nalo likae kwako. Ndani ya ile chupa mlikuwa na maji matupu, niliyachemsha mimi mwenyewe, nikayajaza mimi mwenyewe. Na kila asubuhi kijiko kile kilipokaribia, mimi mzee mzima mwenye mvi, nilifumba macho na kubana pua. Kama nilivyobana siku zote.

Ni mimi, akupendaye bila kipimo,
Mjomba wako Fundi